Kumalizia matundu ya ekzosi kwenye bodi ya gari ulilojiundia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa gereji za Nyakato, Igoma na Buhongwa hapa Mwanza kila gari la kujiundia linapofika hatua ya bodi, liwe bagi (kigari cha wazi) la kutembelea ufukweni, pikapu iliyozaliwa upya juu ya chasi ya zamani, au gari la michezo la milango miwili ambalo kijana amelichora mwenyewe kwenye daftari. Majibu ni ya mtu anayeshika nyundo na tupa. Kwenye jambo ambalo mafundi wanabishana, nimesema upande ninaosimama.

Tundu likatwe lini?

Mwisho. Injini iwe imekaa kwenye mauntingi zake, yaani mipira inayoibeba, gia boksi imefungwa, ekzosi imening'inizwa kwa mipira mipya, na springi zimebeba uzito wote wa gari, tangi likiwa na mafuta. Bodi ya kujiundia hukaa juu ya chasi kwa mipira au mabati ya kunyanyulia, na kila unapoongeza viti, vioo na betri inashuka kidogo. Tundu lililokatwa kabla ya hapo litakuwa katikati siku hiyo tu.

Najua kwa nini watu wanaharakisha. Bomba likishachungulia nyuma, gari linaanza kufanana na gari, na majirani wanasimama kuangalia. Kama unataka kuwasha injini kabla bodi haijakamilika, elekeza bomba chini ya gari kwa muda na uendelee na kazi nyingine.

Bomba langu ni inchi mbili. Tundu liwe na ukubwa gani?

Hili ndilo swali lenyewe, na wengi wanalijibu kwa kupima bomba. Bomba ndilo la mwisho kupimwa. Kwanza unapima mtikisiko wa bomba, kisha joto lake.

Injini iliyokaa kwenye mipira hupinda upande mmoja unapoiwasha, hurudi kwa kishindo unapoizima, na hujipinda tena unapokanyaga mafuta ghafla. Kapinde kadogo pale kwenye injini kanakuwa kakubwa kule mwisho wa bomba, mita mbili au tatu nyuma. Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji kununua kitu. Chukua kadibodi ya boksi, ikate tundu linalobana bomba kabisa, ivalishe kwenye bomba, kisha ibandike kwenye bodi kwa tepu ya karatasi pembeni. Mwenzio awashe, azime, awashe tena, akanyage mafuta na kuachia mara kadhaa. Halafu peleka gari taratibu juu ya tuta, gurudumu moja moja. Ukirudi kuangalia, kadibodi imeliwa na bomba: upande mmoja imechanika, upande mwingine imebonyea tu. Tundu hilo bovu ndiyo ramani yako. Lichore kwenye bodi, kisha ongeza nafasi ya joto kulizunguka.

Kwa bomba la inchi mbili, yaani milimita 51 hivi, kwenye bodi ya chuma mimi huanzia nafasi ya milimita 20 kila upande, na tundu linakuja kama milimita 90. Kwenye faiba, yaani bodi ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, naongeza hadi milimita 30 kila upande, na bado naweka pete ya chuma ya kukinga. Kama kadibodi imesema zaidi, sikiliza kadibodi.

Usisahau kwamba bomba hurefuka. Bomba la mita mbili la chuma cha kawaida likitoka nyuzi 30 za sentigredi hadi 300 linaongezeka urefu wa milimita 6 na zaidi kidogo. La stenlesi ya kawaida, chuma kisichoshika kutu kirahisi, linaongezeka karibu milimita 9. Kama bomba lako linatoka ubavuni baada ya kukunja kona, urefu huo haulisukumi nje; unalisukuma pembeni, kwenye ukingo wa tundu.

Nafasi iwe sawa pande zote?

Kwa macho, ndiyo. Kwa kazi, juu na chini panadai zaidi. Juu ndiko hewa ya moto inakopanda, na rangi inaungulia hapo kwanza. Chini ndiko bomba linakoshukia mipira ya kuning'iniza inapochoka. Kwa hiyo tundu refu kidogo kwenda juu linakaa vizuri kuliko duara kamili, na ukilichonga kwa makini halionekani kasoro. Watu hudhani umelichora hivyo kwa makusudi, na ni kweli.

Nakata vipi bati bila kuliharibu?

Kabla ya yote toa tangi la mafuta, au liondoe mbali na sehemu unayokata. Hili silijadili na mtu. Funika vioo na rangi kwa magunia yaliyoloweshwa, maana cheche za grenda hujichomeka kwenye kioo na haziondoki kwa kuosha.

Bandika tepu ya karatasi, chora juu yake, na toboa mduara wa matundu madogo kwa drili ndani ya mstari, halafu unganisha kwa patasi au kwa diski nyembamba ya milimita moja. Bakiza milimita tatu hivi ndani ya mstari na umalizie kwa tupa ya nusu duara. Grenda ina haraka ya kupita mstari, tupa haina. Kama tundu lako lina kona, kwa mfano la mstatili chini ya bampa, toboa kwanza tundu la milimita 8 kila kona kisha kata kuunganisha. Kona kali ndiyo inayoanzisha ufa, kwenye chuma na kwenye faiba.

Ukingo wa bati umebaki mkali na unatetema injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Nifanye nini?

Bati lililotobolewa limepoteza nguvu yake, ndiyo maana linapiga kelele kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Kumalizia tundu, kwa sehemu kubwa, ni kurudisha nguvu hiyo kwenye ukingo. Kuna njia tatu, na nitakwambia ninayoipenda.

Ya kwanza ni kukunja ukingo. Unakata tundu dogo kuliko unavyotaka, kwa milimita 8 hadi 10 kuzunguka, kisha unaukunja ukingo huo kwa ndani kwa nyundo ndogo huku fuawe ya mkononi ikiwa imeshikwa nyuma. Usijaribu kumaliza kipande kimoja kwa mpigo. Zunguka tundu lote ukikunja kidogo, zunguka tena, zunguka tena. Ukingo unapokunjwa unavutwa, na penye kijino kidogo kilichoachwa na patasi ndipo utakapopasuka, kwa hiyo tupa na msasa vipite kwanza mpaka kidole kisikwame popote. Utasikia sauti ya nyundo ikibadilika: mwanzo inalia wazi, na ukingo unapokaza inakuwa fupi na nzito. Ikifika hapo, acha. Kuendelea kupiga kunalivuta bati la pembeni na utajikuta na mawimbi ya kujazia fila, ile lipu ya kusawazishia bodi.

Ya pili ni kuchomelea nondo laini ya milimita 6, ile ya kutengenezea ringi za nguzo, kuzunguka ukingo kwa ndani. Ipinde kwanza kwenye bomba kubwa ili ipate duara, ikate, iunganishe, ndipo uiweke. Piga pointi moja juu, moja chini, moja kulia, moja kushoto, ukiacha bati lipoe katikati. Anayechomelea mfululizo kuzunguka atalipinda bati, na hakuna nyundo itakayomrudishia umbo kirahisi.

Ya tatu ni kukata kipande cha bomba kubwa, tuseme la inchi nne, chenye upana wa milimita 20 hadi 25, na kukichomelea ndani ya tundu kiwe kola. Hii ndiyo njia yangu. Kola inampa mtazamaji kina. Anaona bomba ndani ya bomba badala ya kuona ukingo mwembamba wa bati na giza nyuma yake. Pia inazuia matope yanayorushwa na gurudumu yasiingie nyuma ya bodi kupitia hapo. Isage kwa grenda mpaka mshono usionekane, na kola ichomoze milimita mbili au tatu nje ya bodi, au ilingane nayo kabisa. Ikichomoza kidogo kidogo bila mpangilio inaonekana kosa.

Usitumie bati la bomba lenye zinki kwa kola, wala usichomelee zinki bila kuikwangua. Moshi mweupe unaotoka hapo humfanya fundi atetemeke kwa homa usiku.

Bodi yangu ni ya faiba. Kwani tatizo liko wapi?

Tatizo liko kwenye resini. Resini ya kawaida ya poliesta, hii wanayotumia hata kwenye boti za faiba hapa ziwani, huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hadi 80 hivi. Bodi nyeusi ikisimama juani mchana imeshakaribia hapo bila ekzosi kuhusika. Mwisho wa bomba la nyuma, kwenye foleni ya mjini, unaweza kuzidi nyuzi 100. Ukipanda mlima na mzigo unapita 200. Bomba la ubavuni, ambalo liko karibu na injini, ni moto zaidi ya hapo kwa mbali.

Nimeona bodi iliyoachiwa nafasi ya kidole kimoja tu. Juu ya tundu palivimba ukubwa wa kiganja, jelikoti (tabaka la nje linalong'aa) ikapasuka nyufa nyembamba zinazokwenda pande zote, na ukisogeza pua unasikia harufu ya resini hata injini ikiwa imepoa. Ukibonyeza kwa dole gumba paliingia ndani. Hapo hakuna kupaka rangi. Ni kukata kipande kizima na kuweka kingine.

Basi kwa faiba fanya hivi. Kata ukiwa umevaa barakoa na miwani, mikono mirefu, na mwagia maji kidogo vumbi lisipae. Vumbi la faiba halina msamaha kwa mapafu. Tundu likishakaa sawa, tengeneza mkunjo wa ndani kwa kutandika mati (kitambaa cha nyuzi za faiba) tabaka mbili au tatu juu ya kopo au kipande cha bomba la plastiki ulilolizungushia tepu ya kufungia mizigo, ili resini isigande nalo. Mkunjo wa milimita 25 unatosha. Ukingo mbichi uliokatwa usiuache hivyo hivyo. Nyuzi zake hunywa maji, na maji hayo yakipata moto yanainua jelikoti. Upake resini hadi ushibe.

Baada ya hapo weka pete ya bati la stenlesi au alumini, isiyogusa faiba moja kwa moja. Iinue kwa washa ili hewa ipite nyuma yake milimita 10. Hewa hiyo inayopita inafanya kazi kubwa kuliko unene wa bati. Upande unaotazama bomba uwe unang'aa, kwa sababu joto linaloruka kutoka kwenye bomba linarudishwa na uso unaong'aa na kumezwa na uso mweusi. Ndiyo maana kuipaka pete rangi nyeusi kwa ndani ni kujipiga mwenyewe.

Bodi yangu ni ya chuma, kwa hiyo joto halinihusu?

Linakuhusu kama umejaza fila. Fila ni poliesta ile ile. Bati litastahimili, fila iliyo juu yake itaachia, na itaondoka na rangi. Sentimita 10 kuzunguka tundu nyoosha kwa nyundo na tupa, fila iwe ya kupangusa tu.

Naweza kuziba nafasi kwa silikoni nyekundu, au mpira wa mlango, ili paonekane pasafi?

Hapana. Silikoni ile nyekundu inavumilia joto, hilo ni kweli, lakini imetengenezwa kwa ajili ya gasketi na si kwa kuunganisha vitu viwili vinavyotembea kila kimoja na safari yake. Bomba litaivuta mpaka ichanike, na kabla haijachanika itapeleka mtetemo wote wa injini kwenye bodi. Gari zima litanguruma ndani na utaanza kumlaumu fundi wa sailensa. Mpira wa mlango utaungua na kunuka.

Nafasi ile iache. Kazi ya mtu aliyemaliza tundu vizuri ni kuifanya ionekane imekusudiwa.

Na tafadhali, kamba za asbesto za zamani ambazo bado zinapatikana kwa wauza chakavu, ziache huko huko. Vumbi lake linaua mapafu baada ya miaka mingi, wakati umeshasahau gari lenyewe.

Stenlesi ya pete naipata wapi bila kuagiza Dar?

Mwanza tuna bahati ambayo hatuitumii. Mji huu una viwanda vya samaki, na viwanda vya sangara vimejaa stenlesi: meza, mifereji, matangi. Zikizeeka zinaishia kwenye chakavu. Wanaotengeneza geti na vishikio vya ngazi nao wana vipande vilivyobaki. Kipande cha unene wa milimita 1.2 hadi 1.5 kinatosha pete.

Watu huja na sumaku kupima. Ikinata wanasema ni feki. Sivyo. Stenlesi ya meza za samaki mara nyingi ni namba 304, ambayo sumaku haiishiki au inaishika kidogo sana penye mkunjo. Lakini mabomba mengi ya ekzosi kutoka kiwandani ni namba 409, ambayo sumaku inaishika vizuri, na ni stenlesi halali. Sumaku inakwambia aina, haikwambii ubora.

Ikate kwa diski ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Chembe za chuma zikibaki juu ya stenlesi zitaota kutu baada ya mvua ya kwanza, na utadhani umeuziwa bati bovu. Ukiitoboa, drili izunguke polepole na ukandamize kwa nguvu, weka mafuta kidogo. Ukikimbiza drili, stenlesi inakuwa ngumu pale pale na kuila ncha yote.

Pete ifungwe vipi?

Skrubu nne hadi sita za milimita 5, na matundu ya kwenye pete yawe ya milimita 6 au 7, yafunikwe na washa. Pete inapopata moto inatanuka. Isipopata pa kwenda inajikunja na kuinuka katikati ya skrubu mbili. Riveti nazitumia pale tu ninapojua sitafungua tena, na kwenye gari la kujiundia unafungua tena.

Kama bodi ni ya alumini na pete ni ya stenlesi, weka rangi au gasketi katikati yake. Metali hizi mbili zikigusana penye maji, alumini ndiyo inayoliwa, na utakuta unga mweupe kuzunguka kila skrubu.

Bodi yangu inanyanyuka yote kwa pamoja. Tundu la duara si litaizuia?

Litaizuia. Una njia mbili. Ama mkia wa bomba uwe kipande cha kufungua, chenye flenji (sahani ya kuungia) ya bolti tatu au klampu, unautoa kabla ya kunyanyua bodi. Ama tundu liwe wazi upande wa chini, kisha chini pazibwe na kipande kidogo cha bati kinachofungwa kwa skrubu mbili. Mimi nachagua mkia wa kufungua, kwa sababu ukigonga tuta unabadilisha mkia peke yake. Ila flenji iwe mahali mkono unafika na spana inazunguka, maana bolti za ekzosi zikishapata kutu zinadai nafasi ya kupigania.

Bomba lichomoze kiasi gani?

Lipite bodi. Milimita 20 hadi 40 nje ya kola ndiyo ninayoiona sawa kwa macho na kwa afya. Hapa sizungumzii urembo tu.

Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Bomba likiishia ndani ya bodi, sehemu ya moshi inabaki chini ya sakafu na kupanda kupitia kila tundu la waya, kila mshono wa buti, kila raba ya gia iliyochanika. Gari la kujiundia lina matundu hayo kwa wingi kuliko la kiwandani. Tena gari likiwa kwenye mwendo, nyuma yake hewa huzunguka na kurudi kuelekea bodi. Anayekimbiza pikapu yenye kibanda barabara ya Shinyanga huku dirisha la nyuma likiwa wazi anavuta moshi wake mwenyewe. Ziba matundu yote ya sakafu na ya ukuta wa buti kabla ya kuweka zulia. Abiria wakilalamika kichwa kinauma na wanasikia usingizi, simamisha gari, fungua milango, washuke. Na usiache injini ikiunguruma ndani ya gereji uliyofunga geti, hata kama mvua inanyesha.

Nataka bomba la ubavuni. Ushauri?

Magari ya michezo ya AC Cobra ya miaka ya 1960 ndiyo yaliyowatia watu wazimu huu, na siwalaumu, bomba la ubavuni linapendeza. Lakini fikiria linatokea wapi. Sisi tunaendesha kushoto; ubavu wa kushoto ndiko abiria wanakoshukia na ndiko watembea kwa miguu walipo. Mji ambao nusu ya vijana wana alama ya ekzosi ya bodaboda kwenye shavu la mguu hauhitaji kuelezwa zaidi. Bomba lolote lililo wazi chini ya mlango liwe na ngao yenye matundu, iliyoinuliwa, ambayo mkono unaweza kuigusa baada ya safari ya kwenda Usagara na kurudi. Mdomo wake uelekee nyuma na nje kidogo, uwe nyuma ya mlango wa mwisho, usielekee juu kwenye dirisha.

Ukizungushia bomba utepe wa kuzuia joto, ujue kwamba unatunza unyevu pia. Bomba la chuma cha kawaida ndani ya utepe, kwa masika yetu, linaoza bila kukuonyesha.

Nina matundu mawili na hayaonekani sawa, ingawa nimepima.

Umepima kutoka chini, na sakafu za gereji zetu ni mawe na udongo. Tafuta mstari wa katikati ya bodi kwa uzi, hamisha usawa kwa mpira mwembamba wa maji kama mafundi ujenzi wanavyofanya, kisha pima kutoka hapo.

Halafu jua macho yanaangalia nini. Hayaoni urefu wa tundu kutoka ardhini. Yanaona nafasi kati ya bomba na kola. Tofauti ya milimita tatu pale inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo rekebisha bomba, usiguse tundu. Vishikio vya kuning'iniza viwe na matundu marefu ili ulisogeze bomba kulia au kushoto, na bolti ikazwe baada ya injini kupata moto, si ikiwa baridi.

Vipi zile midomo mikubwa ya mapambo inayofungwa kwenye bampa?

Magari mengi mapya ya kiwandani yanafanya hivyo: mdomo unaong'aa umefungwa kwenye bampa, na bomba la kweli limejificha nyuma yake. Ni njia ya kuondoa tatizo la mtikisiko, kwa sababu kinachoonekana hakitembei. Sipendi, lakini sikukatazi. Bomba la kweli liingie ndani ya mdomo huo sentimita kadhaa, lisiishie nyuma yake, la sivyo moshi unasambaa ndani ya bampa na kurudi kulekule nilikosema.

Rangi gani karibu na tundu?

Ndani ya kola na kwenye bati la bodi lililo nyuma ya pete, rangi ya joto kali, ile inayoandikwa nyuzi 600. Haikomai kwa kukauka tu, inataka kupikwa: washa injini iache ipate moto taratibu, izime, ipoe, rudia kwa muda mrefu zaidi. Nje, rangi ya gari ya kawaida inatosha kama nafasi uliiacha.

Anayepulizia nje karibu na ziwa aangalie wadudu wa ziwani, hasa mwezi unapoandama. Wingu lao likipita jioni juu ya rangi mbichi, kesho unaanza na msasa. Pulizia asubuhi, upepo wa ziwani haujaanza.

Kutu yetu ni kama ya pwani?

Hapana, maji ya ziwa hayana chumvi. Lakini barabara za matope na mafuriko ya Mto Mirongo pale Mabatini vinaingiza maji kwenye kola. Toboa tundu la milimita 5 chini ya kola yatoke.

Kuna ruhusa ya kuomba?

Gari la kujiundia linahitaji kusajiliwa TRA (Mamlaka ya Mapato) na kukaguliwa na polisi wa usalama barabarani. Nenda ukaulize kabla bodi haijafungwa, uende na picha. Ni nafuu kuhamisha bomba kwenye karatasi. Ukiona ni usumbufu, mchora katuni Masoud Kipanya alizindua gari lake la umeme mwaka 2022, na hilo halina tundu la ekzosi hata moja.

Nimemaliza. Nikague nini baadaye?

Baada ya wiki moja ya kuendesha, lala chini na tochi. Tafuta mahali pa kola panapong'aa. Hapo bomba linagusa. Tafuta ulimi mweusi wa masizi unaopanda juu ya bodi. Bomba ni fupi, au limeelekea juu. Angalia rangi ya stenlesi: ikiwa manjano ya dhahabu ni kawaida, ikiwa zambarau na bluu kwenye pete yenyewe, joto limezidi na pete iinuliwe zaidi. Kaza skrubu zote mara moja zaidi. Kama ni chini tu panapogusa, badilisha mpira wa kuning'iniza kabla hujashika tupa.